Naomba ushauri: skrini gani nifunge kwenye ndege yangu ndogo, Cessna 182?

Wakuu, habari zenu. Mimi na mdogo wangu tunamiliki Cessna 182 ya mwaka 1976, tunailaza Arusha. Tunaruka mchana tu: Tanga, Zanzibar, mara mojamoja Seronera.

Mwezi uliopita, tukirudi kutoka Tanga, pampu inayoendesha jairo (kigurudumu kinachozunguka kasi ndani ya baadhi ya vipimo) ilikufa. Kipimo cha upeo, kinachoonyesha kama ndege imelala au iko sawa, kikaanza kulala upande mmoja taratibu, huku Mlima Meru, wenye mita 4,562, umefunikwa na wingu. Ardhi tuliiona, tukatua salama, lakini usiku ule sikupata usingizi. Nimeamua kuachana na pampu kabisa, nifunge skrini za umeme.

Nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni Garmin GI 275 mbili, skrini ndogo za duara. Zinaingia kwenye matundu yaleyale ya vipimo vya zamani, na ya upeo ina betri yake ndani umeme ukikatika. Tatizo ni udogo wake. Nina miaka 58 na ramani ndogo inanitesa.

Ya pili ni skrini moja kubwa, Garmin G3X Touch ya inchi 10.6. Ramani, milima na injini vyote unaviona mahali pamoja, ila dashibodi lazima ikatwe upya na ndege ikae karakana muda mrefu.

Aliyewahi kuzitumia anisaidie: jua la saa saba likipiga dirishani, ipi inasomeka? Ukichagua skrini kubwa, unabakiza kifaa gani cha akiba? Na kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kwa mabadiliko kama haya mlianzia wapi, kwa fundi au kwao moja kwa moja?