Dola ya Athens ilijiendesha kwa nini: kodi ya miji, ushuru wa bandari au mashamba?

Tanga_Kuu: Wakuu, tulinganishe. Naanza na kodi ya miji, yaani ile iliyolipwa na miji washirika iliyokuwa chini ya Athens. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki wa enzi hizo, anasema makadirio ya kwanza yalikuwa talanta 460 kwa mwaka. Talanta moja ni drakma 6,000, takriban kilo 26 za madini ya fedha. Meli ya kivita ilibeba watu 200. Wakilipwa drakma moja kwa siku, mwezi unameza talanta nzima. Talanta 460 hazitoshi meli 60 kwa miezi 8.

Kasia: Mkuu, faida ya kodi usiipime kwa fedha peke yake. Miji ilitakiwa kutoa meli au fedha, na mingi ikapendelea fedha ili watu wake wasiende vitani. Hapo ikawa inaligharimia jeshi la majini la Athens, na siku ya kuasi haina meli wala mabaharia waliozoea. Hata wenye meli, kama kisiwa cha Thasos kilichoasi mwaka 465 KK, waliposhindwa walinyang'anywa meli na kutozwa kodi. Kwangu hii ndiyo njia iliyojenga dola.

Hesabu_za_Kale: Ilijenga, lakini mwaka 413 KK Athens yenyewe iliifuta ikaweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za baharini, ikitarajia kupata zaidi. Pigeni hesabu: ili zipatikane talanta 600, kiwango cha kodi alichotaja Pericles, kiongozi wa Athens, mwaka 431 KK, lazima shehena za talanta 12,000 zitozwe. Uzuri wake, mzigo unatozwa pale pale bandarini. Ubaya, bandari ikiasi mapato yanakatika papo hapo. Mwaka 412 KK washirika Chios na Miletus wakaasi.

Tanga_Kuu: Na kodi ilikuwa imeshavutwa mno. Makadirio ya 425 KK yalipita talanta 1,400. Kukadiria si kukusanya.

Shamba_la_Lesbos: Mashamba mmeyasahau! Baada ya uasi wa Mytilene, mji wa kisiwa cha Lesbos, mwaka 427 KK ardhi ya kisiwa hicho, isipokuwa ya mji wa Methymna ambao haukuasi, iligawanywa viwanja 3,000. Viwanja 300 vikawa vya miungu, 2,700 wakapewa raia wa Athens kwa kura. Wenyeji waliendelea kulima, wakiwalipa raia hao mina 2 (drakma 200) kwa kiwanja kila mwaka. Hizo ni drakma 540,000, yaani talanta 90 kutoka sehemu ya kisiwa kimoja.

Kasia: Ila hizo ziliingia mifukoni mwa raia, si hazina. Mpiga makasia huwezi kumlipa kwa kodi ya shamba la mwenzake.