Mbwa wa aina ya teria tuliyemlea wiki 5 anaombwa na familia yenye sungura: niandike nini?

MamaWawili

Hamjambo wenzangu. Nasomaga humu kimyakimya, lakini leo nimebanwa na naomba ushauri wa waliolea mbwa wengi kuliko mimi.

Mimi na mume wangu ni walezi wa muda, yaani tunakaa na mbwa mpaka apate nyumba ya kudumu, na huyu ndiye mbwa wetu wa kwanza. Ni teria mweupe mwenye kichwa cheusi na madoa ya hudhurungi juu ya macho, kilo 7 na nusu, anakadiriwa kuwa na miaka 4. Ametoka kwenye makazi ya mbwa waliotupwa huko kusini mwa Hispania, alikokaa miezi 14, akaletwa kwa gari safari ya siku 2. Tunamwita Kito. Karatasi zake zilisema: mtulivu, anaelewana na kila mtu, anafaa familia yenye watoto.

Huyo mtulivu alikaa siku 4 nyuma ya mashine ya kufulia. Habweki, hali mbele ya mtu, haja zake anazifanya usiku tukishalala. Nikaanza kulala sakafuni jikoni, nimempa mgongo ili asione kama namvizia. Usiku wa tano nikahisi pua ya baridi kwenye kisigino. Sikujigeuza, nilikaa hivyo hivyo mpaka mguu ukafa ganzi.

Wiki ya tatu akatokea mbwa mwingine kabisa. Anachimba, anabwekea kila kinachopita dirishani, akifurahi anazunguka meza mbio mpaka zulia linakunjamana. Watoto wangu nao wamejifunza kutomgusa akiwa amelala. Nampenda, jamani.

Sasa jambo lenyewe. Wiki ya nne mwanangu alimtupia mdoli wa manyoya. Kito aliudaka shingoni, akautikisa kwa kasi mara tatu, akaubwaga chini, kisha akaunusa taratibu kama anayehakikisha kitu. Siku 2 baadaye paka wa jirani akapita juu ya ukuta. Kito akaganda, mguu mmoja juu. Nilimwita jina, nikamwekea nyama puani kabisa. Hakuwepo. Paka alipoondoka, aliendelea kuutazama ule ukuta kwa dakika 20.

Jumapili mratibu wa kikundi kilichomleta kanipigia kwa furaha: familia imepatikana, watu wema, watoto 3, bustani kubwa, na sungura 2 wanaozurura sebuleni. Nikamweleza niliyoyaona. Akasema sungura watafungiwa, na kwamba nikiyaandika hayo hakuna atakayemchukua, wakati mbwa 11 wanasubiri nafasi iliyo nyumbani kwangu. Anataka maelezo mafupi yenye matumaini kufikia Alhamisi.

Niandike nini? Mlezi wa muda ana kauli kiasi gani? Na nisaidieni kwa hili pia, maana linaninyima usingizi: huenda ni mimi ninayetafuta kisingizio cha kubaki naye?

---

BabuKamba

Dada, pole, na hongera kwa kulala sakafuni. Nimelea mbwa 23 kutoka nje, 17 kati yao teria, kwa hiyo nitasema kirefu.

Jina teria limetokana na neno la Kilatini *terra*, ardhi. Hawa walizalishwa vizazi na vizazi waingie shimoni peke yao, gizani, wakutane na mnyama aliyekasirika, na waamue bila mtu wa kuwaelekeza. Maelezo yako yananifanya nihisi Kito ana damu ya wale mbwa wadogo wa Jerez, waliofugwa kwenye maghala ya mvinyo kukamata panya kati ya mapipa. Wapo wengi sana kwenye makazi ya kusini mwa Hispania. Kule kutikisa ndiyo namna yao ya kumuua panya: shingo inavunjika papo hapo. Hajakosa adabu. Ni kazi ya mababu zake.

Kuhusu zile karatasi, sidhani kama waliozijaza walidanganya. Mbwa aliyefungiwa na makumi ya wenzake, kelele mchana na usiku, mara nyingi hujizima. Halii, hagombani, anaonekana mpole. Waliandika walichokiona. Anayemwona mbwa mwenyewe ni mlezi wa muda, na hapo ni baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana hatuwapeleki moja kwa moja kutoka garini hadi nyumba ya kudumu. Sasa kama uliyoyaona hayaandikwi, huyu mbwa ameletwa kwako kufanya nini?

Nikupe langu, ingawa halinipendezi kulisimulia. Mbwa wangu wa pili wa kulea alikuwa jike, teria wa manyoya magumu. Alimrukia kuku akiwa na mimi, nikamvuta kwa kamba, hakudhurika mtu. Kwenye maelezo niliandika "mchangamfu kidogo akiona ndege." Siku ya 9 alirudishwa. Alikuwa amemuua nguruwe-panya (kanyama kadogo ka kufugwa ndani) wa binti wa miaka 7, binti mwenyewe akiwa amekaa pale pale. Yule mbwa alikaa nami miezi 5 zaidi, kila aliyepiga simu akiuliza kwa nini alirudishwa. Wazazi wale sikuwalaumu hata siku moja. Niliwanyima sentensi moja tu.

Kwa hiyo andika matukio, usiandike hukumu. Usiseme "ni hatari kwa sungura", wala usiseme "ana silika kali." Sema tarehe hii, paka akiwa umbali wa mita kadhaa, aliganda, hakuitikia jina wala nyama, alichukua dakika 20 kurudi. Mratibu hawezi kubishana na dakika. Na andika mazuri yake kwa njia hiyo hiyo: ile pua kwenye kisigino ni habari muhimu kwa anayemtaka.

Kauli yako: soma mkataba. Mara nyingi mmiliki kisheria ni kikundi mpaka hati za kudumu zisainiwe, kwa hiyo huwezi kumzuia. Ila tuma ripoti kwa maandishi, na uombe familia ipewe kama ilivyo.

---

Mwalimu_J

Naomba nipingane kidogo. Teria wangu ametikisa midoli kwa miaka 9 na analala mgongo kwa mgongo na paka. Mkianza kumhukumu mbwa kwa mdoli, hatapata kwao hata mmoja.

---

BabuKamba

Mwalimu, uko sahihi kuhusu mdoli. Ungekuwa peke yake ningeupuuza. Kilichonishtua ni ukuta: mbwa anayependa nyama, nyama iko puani, na haioni. Wako alikua na paka tangu lini?

---

Mwalimu_J

Tangu ana wiki 10. Nimekuelewa.

---

NesiWaWanyama

Nafanya kazi kliniki ya mifugo, nami naongeza upande ambao familia mpya husahaulishwa.

Muulize mratibu Kito alipimwa nini na lini, tarehe zenyewe. Kusini mwa Ulaya kuna leishmania, ugonjwa wa vimelea, inayoenezwa na vijinzi vidogo vinavyouma jioni na usiku, na inaweza kujificha mwilini miezi au hata miaka kabla ya dalili. Kuna minyoo ya moyo, inayoletwa na mbu: kipimo cha kawaida hugundua minyoo jike iliyokomaa, na huchukua kama miezi 6 tangu kuambukizwa ndipo kione kitu. Maana yake, jibu zuri la siku ya kusafiri halitoshi. Arudiwe kupimwa miezi 6 baada ya kufika, na yeyote atakayemchukua aahidi hilo kwa maandishi. Uliza pia kama alipimwa bruselosi ya mbwa, ugonjwa wa bakteria, kwa sababu hiyo binadamu anaweza kuipata.

Na chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi! Ina namba ya tarakimu 15 tu, haina jina lako wala haionyeshi mbwa alipo. Kama namba haijaandikishwa kwenye daftari la nchi mnayoishi, siku akipotea atasomwa na hakuna atakayepigiwa simu. Nimeshuhudia mara mbili.

---

Salma_wa_Pili

Mimi nipo upande wa waliopokea. Teria wetu alikuja na daftari la mlezi wake, kurasa 31, kwa kalamu. Ukurasa wa 6: "Leo ameogopa mwavuli." Ukurasa wa 19: "Usimshike kola kwa kumtokea nyuma, atageuka." Tulilisoma mara mbili kabla ya kukubali, na ndilo lililotufanya tukubali. Usiogope kwamba ukweli utawafukuza watu wote.

Siku ya makabidhiano, kamba 2: moja kwenye kola, nyingine kwenye mkanda wa kifuani wenye tanzi la tatu nyuma ya mbavu, maana mbwa mwenye hofu akirudi kinyumenyume huvuka mkanda wa kawaida kama anavua shati. Mlango wa ndani ufungwe kabla wa nje haujafunguliwa. Wengi hupotea siku za mwanzo hizo, tena mlangoni.

Na lile swali lako la mwisho, dada. Jaribu kuwaza familia isiyo na sungura. Roho inakubali?

---

MamaWawili

Narudi na habari, siku 9 baadaye.

Salma, nilikaa na swali lako usiku mzima. Roho ilikubali, kwa machozi lakini ilikubali. Nikajua basi kilichonisumbua ni sungura kweli.

Niliandika kurasa 4 za matukio kama Babu alivyosema, ya ukutani na ya kisigino. Mratibu alinyamaza siku 2, kisha akajibu kwamba nimemharibia mbwa nafasi. Niliumia sana. Lakini aliituma, na hilo namshukuru. Mama wa ile familia akanipigia mwenyewe. Tuliongea saa nzima. Hawakumchukua, aliniambia binti yake mdogo analala na mmoja wa wale sungura. Alipokata simu nilikaa ngazini nikilia na Kito akanilamba sikio.

Nesi, karatasi za vipimo zimepatikana. Leishmania na minyoo ya moyo alipimwa siku 12 kabla ya safari, bruselosi hakupimwa kabisa. Damu imechukuliwa jana. Chipu haikuwa imeandikishwa popote, sasa imeandikishwa.

Kuna mzee mstaafu, hana mnyama mwingine, alifuga teria maisha yake yote na wa mwisho alikufa mwaka jana. Amezisoma kurasa zote 4 na maswali yake yote yalikuwa ya ukurasa wa tatu, ule wa kuchimba. Jumamosi alikuja, akakaa sakafuni jikoni, akampa Kito mgongo bila mimi kumwambia. Ametuachia fulana aliyoivaa. Kito ameiburuta mpaka nyuma ya mashine ya kufulia na analala juu yake. Majibu ya damu yakiwa salama, Jumamosi ijayo watatembea pamoja kwa kamba 2.