Nitajuaje kama bunduki nyepesi ya kuwindia inapiga inapolenga kabla sijailipia?

Kijana_Mbagala
Wakuu, habari zenu. Natafuta bunduki ya bolti (ile unayoikoki kwa mkono kila risasi) isiyozidi kilo 3 bila darubini, ya risasi za saizi ya .308 au .270. Ni kwa swala pala, pongo na kongoni, umbali usiozidi mita 200, na kwa kuwa kutembea ni kwingi sitaki chuma kizito. Kibali kinaendelea polisi. Duka moja hapa Dar wana karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyogusana kwa mita 100, na muuzaji anasema huo ndio ushahidi. Unatosha? Nikague nini dukani, na nikipata nafasi ya kuifyatua nipime vipi?

Fundi_Gerezani
Mkuu, hiyo karatasi haitoshi. Risasi tatu ni chache mno. Bunduki ambayo kundi lake, yaani umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, lina wastani wa sm 3 kwa risasi tatu, ukipiga tano itatoa karibu sm 3.8, na ukipiga kumi itafika sm 4.7 hivi, bila kitu chochote kuharibika. Halafu makundi ya risasi tatu yanapishana sana: bunduki ya kawaida kabisa ikipigiwa makundi kumi, mojawapo litapendeza. Muulize muuzaji yako wapi makundi mengine.

Soma pia hakikisho la kiwandani kwa makini. Tikka wanaahidi risasi tatu ndani ya dakika moja ya pembe, ambayo ni sm 2.9 kwa mita 100. Weatherby nao wanahesabu risasi tatu, mtutu ukiwa baridi na risasi zikiwa za daraja la juu. Sako wanaahidi tano. Ahadi ya tano ni nzito kuliko ya tatu hata kama kipimo ni kilekile.

Dukani, hakikisha kwanza chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) iko tupu, kisha fanya haya.

Pitisha noti kati ya mtutu na kitako (mbao au plastiki inayobeba mtutu), kuanzia mbele kurudi nyuma hadi karibu na chemba. Ikipita bila kukwama, sasa bana sehemu ya mbele ya kitako na mtutu kwa vidole. Vitako vingi vya plastiki vya bunduki nyepesi vinanepa, na mtutu ulioonekana uko huru unaguswa ukiegemeza bunduki kwenye mfuko au ukivuta mkanda. Hapo risasi zitahamia upande mmoja. Tahadhari: kuna bunduki ambazo kiwanda kimeweka makusudi uvimbe kwenye ncha ya kitako unaosukuma mtutu juu. Hiyo si kasoro, usikubali mtu aukwangue kabla ya majaribio.

Angalia mdomo wa mtutu kwa taa. Zungusha pamba taratibu kwenye ukingo wa ndani, ikinasa nyuzi pana kijinundu au mkwaruzo, na kichwa cha risasi kinapotoka hapo gesi inakisukuma upande mmoja zaidi. Pima na triga, yaani uzito wa kuivuta. Bunduki ya kilo 2.7 yenye triga ya kilo 2.5 itasogezwa na kidole chako kabla haijalia. Kilo 1.2 hadi 1.6 inafaa kwa porini.

Skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha bunduki. Nyingi ziko kati ya Nm (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 4 na 7. Skrubu iliyolegea ndiyo ninayoishuku kabla ya kuulaumu mtutu.

Mama_Shabaha
Naongezea kwa ndugu yetu, maana Fundi amemaliza ya dukani. Bunduki nyepesi isipimwe kama ya mashindano. Mtutu mwembamba unapata moto upesi, na kama chuma kilibaki na mkazo ndani wakati wa kutengenezwa, ukipata joto unajipinda kidogo na matundu yanaanza kutembea, mara nyingi kwa mstari wa wima au wa mshazari. Mwindaji hapigi risasi kumi mfululizo. Anachohitaji ni risasi ya kwanza kutoka mtutu baridi iende palepale leo, kesho na wiki ijayo. Hilo ndilo la kupima.

Teke la bunduki begani nalo linadanganya watu. Kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 2.7 inarudi na nishati ya theluthi moja zaidi ya ile ya kilo 3.6. Inaanza kuruka kichwa cha risasi kikiwa bado ndani ya mtutu, kwa hiyo ukiishika tofauti kila mara, kundi linatanuka na lawama inaenda kwa bunduki. Weka mfuko wa mchanga chini ya kitako, mbele kidogo ya magazini, kamwe usiuweke chini ya mtutu. Mfuko wa pili uwe nyuma. Mkono wa mbele ushike kitako kwa nguvu ileile kila risasi, na bega likae lilelile.

Kijana_Mbagala
Shukrani sana, dada na Fundi. Muuzaji amekubali twende uwanjani na mtu wake, risasi 20. Nizigawe vipi?

Mama_Shabaha
Zote 20 ziwe za boksi moja, zenye namba moja ya toleo. Mbili piga kwa mita 25 kuona darubini iko wapi, tatu kwa mita 100 kurekebisha. Rekebisha darubini ili risasi zipige sm 5 juu ya alama, usije ukaitoboa alama unayoilenga.

Kisha 12 kwa mafungu manne ya tatu tatu, zote kwenye karatasi moja. Baada ya kila fungu fungua bolti, weka bunduki kivulini na usubiri hadi mtutu uwe baridi mkononi. Kwa joto la Dar dakika kumi mara nyingi hazitoshi, na jua likiupiga mtutu upande mmoja kazi yote imeharibika. Andika namba kando ya kila tundu, hasa la kwanza la kila fungu. Ukimaliza fungu la nne, usisubiri: piga tatu za mwisho haraka kwenye karatasi nyingine, uone joto linazipeleka wapi.

Pima matundu mawili yaliyo mbali zaidi, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, kisha toa kipenyo cha risasi: mm 7.8 kwa .308, mm 7 kwa .270. Zote 12 zikikaa ndani ya sm 6, nunua bila wasiwasi. Kwa mita 200 hiyo ni sm 12, na eneo la moyo na mapafu ya swala pala ni sm 15 hivi. Mafungu yakiwa madogo lakini kila moja limekaa mahali pake, usinunue hadi chanzo kijulikane. Kwanza kagua skrubu za pete zinazoshika darubini, kisha darubini nyingine, kisha kitako.

Pwani_308
Mkuu, mbili za haraka. Risasi ya gramu 9.7, yaani greni 150, na ya greni 180 hazitapiga mahali pamoja, na bunduki nyepesi huwa zinachagua sana. Kundi likiwa baya, jaribu aina ya pili kabla ya kuikataa.

Pili, kama kitako ni cha mbao, unyevu wa pwani unakivimbisha, na ukienda pori la Rungwa, bara, kiangazi kinasinyaa, hivyo mgandamizo kwenye mtutu unabadilika. Kwa anayekaa Dar ningechukua kitako cha plastiki ngumu isiyonepa na mtutu wa chuma kisichoshika kutu. Ukifika kambini, piga risasi moja ya mtutu baridi kwenye karatasi kabla ya kuanza kutembea.