Plagi za Cessna 172: magneto ya kulia inaangusha RPM na injini inatetemeka, nianzie wapi?

Rubani_Arusha

Wakuu habari za jioni. Naruka Cessna 172M, injini Lycoming O-320-E2D, tuko hapa uwanja wa Arusha. Wiki hii kila nikifanya ranapu (kupima injini kabla ya kuruka) kwa 1,700 RPM (mizunguko kwa dakika), nikiweka ufunguo kwenye L, yaani magneto ya kushoto peke yake (magneto ni kijenereta kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi), sindano inashuka kidogo tu iko safi, nikiweka kwenye R, yaani ya kulia, inadondoka karibu 200 na injini inaanza kutikisika mpaka dashibodi yote inacheza, nikirudisha zote mbili inatulia kabisa. Kitabu kinasema isizidi 125 na tofauti ya L na R isizidi 50 kwa hiyo ndege nimeiacha chini. Mwenye ndege anataka tununue plagi 8 mpya tubadilishe zote yaishe, injinia wetu anarudi Jumatatu. Je ni plagi kweli au magneto ndio imekufa? Na kuna namna ya kujua ni plagi ipi bila kufungua zote?

Fundi wa Hanga

Umefanya vizuri sana kuiacha chini, usikubali mtu akwambie "itajisafisha ukiwa juu".

Mwambie mzee mwenye ndege asinunue kitu kwanza. Sikiliza injini yenyewe inavyoshuka maana kila namna ina habari yake. Ikishuka sana lakini inazunguka laini, hapo waza taimingi ya magneto (wakati wa kutoa cheche) au mikscha (mchanganyiko wa hewa na mafuta) imejaa mafuta kupita kiasi. Ikishuka na kutetemeka kama yako, kuna silinda haichomi kwenye ile magneto, yaani plagi au waya wake. Na isiposhuka hata kidogo watu wengi wanafurahi, kumbe hiyo ndio ya kuogopa kuliko zote, inawezekana waya wa kuzimia magneto umekatika na ufunguo ukiwa OFF bado iko hai, mtu akigusa propela inaweza ikawaka akafa. Kwa hiyo propela muichukulie iko hai muda wote, ufunguo umetoka au haujatoka.

Jaribu kwanza kuichoma uchafu. Magneto zote mbili, panda kama 2,000 RPM, vuta mikscha taratibu (kupunguza mafuta) mpaka RPM ifike kilele chake, kaa hapo dakika moja hivi huku macho yako kwenye joto la oili, halafu rudi upime tena. Ikikataa, zima, iache ipoe kabisa, kisha iwashe na uiendeshe kwenye R peke yake dakika moja kwa RPM ndogo, zima kwa mikscha, pima bomba la ekzosi la kila silinda kwa kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali. Silinda iliyo baridi ndio mgonjwa wako. Magneto moja inachoma plagi moja tu kwenye kila silinda, fuata waya kutoka magneto ya kulia mpaka kwenye silinda hiyo utaikuta. Mara nyingi ni ya chini, maana oili na risasi (madini ya ledi yaliyo kwenye mafuta ya ndege) vyote vinashukia huko.

Ukitaka uhakika zaidi hamisha hiyo plagi kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama nayo ni plagi, likibaki palepale geukia waya.

Mama Avgas

Naongezea kitu ambacho hapa Arusha kinatumaliza, maana hata mkiweka plagi mpya za iridiamu msipobadilisha uendeshaji mtarudi hapa baada ya muda.

Hiyo E2D ilitengenezwa kwa avgas (petroli ya ndege) aina ya 80/87 ambayo risasi yake ilikuwa ndogo, mwisho 0.5 ml ya TEL (kimiminika chenye risasi) kwa galoni ya Marekani. 80/87 haipo tena, tunaweka 100LL ambayo inaruhusiwa mpaka 2 ml. Pamoja na hilo jina la LL, yaani "risasi kidogo", ni mara 4 ya ile iliyokusudiwa! Ndani ya avgas kuna dawa ya kuitoa hiyo risasi kwenye ekzosi ila haifanyi kazi plagi ikiwa ya baridi, na plagi inapoa ukiwa unasubiri ndege nne za Caravan zitoke mbele yako, throto (kiongeza nguvu) imefungwa, mikscha imesukumwa mbele yote. Na tuko futi zaidi ya 4,500 juu ya bahari, hewa nyepesi, mikscha full huku ni mafuta mengi mno hata kabla hujaanza kutembea.

Kwa hiyo ukishawasha tu kaa 1,000 mpaka 1,200 RPM, usiiache ikorome kwa chini, na ukiwa ardhini vuta mikscha mpaka ukijaribu kuongeza nguvu injini ikatae. Vuta kwelikweli sio kidogo, maana ukivuta hivyo hata ukisahau huwezi kuruka nayo, itakugomea mapema, halafu kabla ya kuondoka unaiweka vile inavyotakiwa kwa mwinuko huu. Kabla ya kuzima Lycoming wanashauri upande 1,800 kwa sekunde 15 hadi 20, urudi 1,000–1,200, uzime kwa mikscha. Nawaomba wanafunzi wote wafundishwe hili siku ya kwanza, plagi ni ghali na injini ikikohoa wakati wa kupaa sio mchezo.

Rubani_Arusha

Asanteni sana wakuu. Kuchoma haikusaidia. Injinia amerudi tumepima, baridi ni silinda ya mbele kushoto, plagi ya chini, ina vipunje vya kijivu vimeziba kabisa kwenye elektrodi (ncha zinazotoa cheche). Ni plagi aina ya REM40E. Amepima ukinzani amepata zaidi ya ohm 7,000, wengine wanasema isafishwe tu irudi. Na nyingine 7 tufanyeje?

Fundi wa Hanga

Hiyo itupe. Champion, watengenezaji wa plagi, wanasema ikizidi ohm 5,000 itoke, vipunje utavitoa ila kipingamizi cha ndani hakisafishiki. Wakati mnaagiza mwambie injinia aangalie Service Instruction 1042 ya Lycoming (waraka wao wa plagi zinazokubalika) kama plagi ya REM37BY inakubalika kwa injini yenu, pua yake imetokeza kwa hiyo inapata moto zaidi na risasi haikai sana.

Zile 7 toeni mzisafishe, msichokonoe kauri kwa brashi ya waya. Pengo la elektrodi ni inchi 0.016 mpaka 0.021, na mkirekebisha ni kufunga tu, ukifunga ukapitiliza usijaribu kupanua tena utapasua kauri. Plagi iliyodondoka sakafuni hata kama inang'aa hairudi kwenye injini.

Wakati wa kurudisha, iliyotoka juu iende chini, na ihamie silinda inayofuata kwa mpangilio wa kuchoma, 1-3-2-4, ili elektrodi zilike sawa pande zote. Washa (pete) ya shaba weka mpya. Dawa ya nyuzi (ya kuzuia plagi kugandia) paka kidogo mno, uzi wa kwanza upande wa elektrodi uache mkavu, ikidondokea kwenye elektrodi inakula umeme. Ingiza kwa mkono mpaka ikae, ikigoma kwa mkono toa uangalie nyuzi, usiilazimishe na spana. Kisha futi-pauni 30 hadi 35 kwa spana ya kupimia mkazo. Kichwa cha waya kifute kwa spiriti, usikishike kwa vidole vyenye mafuta, na ukikaza nati yake mkono mwingine ushikilie waya usijikunje.

Video za YouTube utaona Wamarekani wanajibadilishia wenyewe, sheria yao ya Part 43 inamruhusu rubani mwenye ndege. Yako ni 5H (usajili wa Tanzania), mwache injinia afanye na asaini kwenye logbook, wewe simama pembeni umshikie tochi na uulize kila kitu. Akimaliza fanya ranapu ukiwa naye, uandike L ilishuka ngapi na R ngapi, na namba hizo uendelee kuziandika kila siku ya kuruka maana plagi huwa inaanza kuonyesha dalili hapo kabla haijagoma.