Treni inayoelea kwa sumaku, umeme ukikatika inakuwaje?

Kipanga_Bara:
Wakuu habari za jioni. Nimekesha yutubu naangalia ile treni ya Japani iliyofika 603 km/h mwaka 2015, haigusi reli inaelea tu kwa sumaku. Swali langu la kishamba, umeme ukikatika katikati ya safari si inadondoka? Na kama ni tamu hivyo mbona Wachina na hela zao zote wamejaza treni za magurudumu kila kona? Wenye ujuzi tupeni shule

Fundi_Koili:
Mkuu inategemea ni ipi, ziko aina mbili kubwa. Ile ya Shanghai ni teknolojia ya Wajerumani, Transrapid, sumaku za umeme ziko chini ya behewa na zimeikumbatia njia kwa chini, zikivutwa kwenda juu ndo behewa linanyanyuka, nafasi yenyewe kama milimita 10 tu na kompyuta inacheza na nguvu ya sumaku muda wote. Ina betri, umeme wa njia ukikata betri inaibeba mpaka isimame salama.

Ya Mjapani ndo balaa. Sumaku zake ni waya wa niobiamu na titaniamu uliopozwa kwa heliamu ya kimiminika mpaka nyuzi -269, kwenye baridi hiyo waya hauna ukinzani kabisa kwa hiyo umeme ukishaingia unazunguka wenyewe bila kulishwa. Treni ikipita kwa kasi koili (waya zilizoviringwa) za kwenye kuta za pembeni zinazalisha umeme na kuinyanyua karibu sentimita 10. Yaani kinachoibeba ni mwendo wake. Kasi ikishuka kama 150 hivi inakanyagia matairi ya mpira, kama ndege inavyotua

binti_stesheni:
kwa hiyo hiyo ya Japani ikisimama stesheni haielei??

Fundi_Koili:
Haielei dada, inakaa kwenye matairi. Ya Shanghai hata ikisimama inaelea

Mzee_wa_Mataruma:
Kipanga swali lako la pili ndo lenyewe. Magurudumu hayajashindwa bado, Wafaransa 2007 walikimbiza TGV, treni yao ya kasi ya magurudumu, kwenye majaribio ikagonga 574.8. Ukishapita 300 adui mkubwa ni hewa, na hewa sumaku haikuondolei. Halafu TGV ikitoka kwenye njia ya kasi inaingia reli ya kawaida mpaka katikati ya mji, hii ya sumaku njia yake ikiisha ndo imeisha, unashuka na begi lako. Shanghai wana km 30 tu, Longyang Road mpaka uwanja wa ndege wa Pudong, zamani ilikuwa inapiga 431 siku hizi 300. Japani nao Tokyo mpaka Nagoya, km 286 kwa dakika 40, sehemu kubwa ni mahandaki, ilikuwa ianze 2027 ila mkoa wa Shizuoka ukaligomea handaki kwa kuhofia maji ya mto Oi, sasa haitegemewi kabla ya 2034. Mimi SGR ya Dodoma na 160 yake inanitosha kwa kweli

Kipanga_Bara:
Shukrani sana wakuu. Ila ajali zishatokea?

Mzee_wa_Mataruma:
Ndio, Emsland Ujerumani, Septemba 2006, watu 23 walifariki kwenye njia ya majaribio. Umeme ulikuwepo na sumaku zilikuwa nzima, waliiruhusu treni iondoke wakati gari la matengenezo bado liko njiani