Niliandika "nakubali" kwenye kesi ya kiwanja. Naweza kurekebisha, na aliyeniuzia aingizwe?

Mama Nuru, Kibaha
Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni msaada, silali.

Mwaka 2016 nilinunua kiwanja mita 20 kwa 25, shilingi 4,500,000, mbele ya mjumbe na mashahidi wanne. Aliyeniuzia alisema alikinunua kwa mzee mmoja mwaka 2009, karatasi yao akanionyesha. Mzee amefariki. Sasa mwanawe amenifungulia shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mimi peke yangu. Muuzaji hakuguswa.

Majibu niliandikiwa na kijana wa steshenari. Aya ya 4 ya madai inasema "kiwanja ni mali ya marehemu." Yeye akaandika "aya ya 1 hadi ya 4 zinakubaliwa." Nikasaini, maana ni kweli mzee ndiye aliyekuwa mwenyewe! Wakili wa upande wa pili ameomba wapewe ushindi kwa sababu nimekiri. Tarehe ni wiki tatu zijazo. Nimejenga vyumba vitatu, wanangu wanalala humo.

Wakili wa Pwani
Pole sana Mama Nuru. Kwanza kabisa, usiende kule ukasema unakana yote uliyoandika. Aliyekiri jambo kisha akataka kumpokonya mwenzake kile alichokwisha kumpa huwa hapati ruhusa kirahisi. Kufafanua ulichokiri ni habari nyingine. Na wewe unamhitaji mzee yule: kama kiwanja hakikuwa chake, muuzaji wako alinunua nini? Kwa hiyo acha kukiri kwako kubaki, ila kukamilike: "Kiwanja kilikuwa mali ya marehemu hadi mwaka 2009 alipomuuzia fulani, naye akaniuzia mimi mwaka 2016." Nyumba yako iko kati ya "ni" na "kilikuwa".

Njia ni Amri ya VI kanuni ya 17 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ambayo mabaraza huitumia pale kanuni zao zinaponyamaza. Tangu kesi ya Eastern Bakery dhidi ya Castelino ya mwaka 1958, marekebisho yanayoombwa kabla ya usikilizwaji hukubaliwa kwa wepesi, ilimradi mwenzako asiumie kiasi ambacho kumlipa gharama hakutoshi. Ombi lako liingie kabla lao halijaamuliwa, na kiapo kieleze kosa lilivyotokea. Hukumu kwa kukiri hutaka kukiri kulikonyooka, kusiko na utata. Je, kuna aya nyingine uliyosema ulinunua? Kama ipo, waonyeshe. Utata ndio huo.

Kuhusu muuzaji, Amri ya I kanuni ya 10(2) ya sheria hiyohiyo inaruhusu aingizwe hatua yoyote, hata bila mtu kuomba. Taja kesi ya Juma Kadala dhidi ya Laurent Mnkande [1983] TLR 103 (TLR ni Tanzania Law Reports, vitabu vya hukumu): ardhi inayodaiwa ikiwa imeuzwa, mnunuzi na muuzaji washtakiwe pamoja.

Mzee wa Pangani
Mwanangu, hilo la muuzaji usilicheleweshe hata siku moja. Mimi nilishinda barazani, nikashinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikafuta mwenendo wote kwa kuwa aliyeniuzia hakuwamo. Miaka tisa. Tuliporudi kuanza upya, mashahidi wangu wawili walikuwa wameshazikwa, na mmoja ndiye aliyehesabu zile fedha mezani.

Asha K.
Huyo mwana ameteuliwa msimamizi wa mirathi? Mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi, si kila mtoto. Kama hana barua ya usimamizi, weka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayoamuliwa kabla ya kesi yenyewe kusikilizwa.

Mama Nuru, Kibaha
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimetoa karatasi zangu sandukuni. Aya ya 7 ya majibu yangu inasema "mjibu maombi ni mnunuzi halali," yaani mimi. Kumbe ipo! Barua ya usimamizi sijaiona kwenye viambatanisho vyao, nitaiulizia. Muuzaji yuko Chalinze, nimempigia, amesema karatasi ya 2009 bado anayo lakini barazani haji mpaka aitwe. Wakili, je, akiingizwa naweza humohumo kumdai 4,500,000 zangu nikishindwa?

Wakili wa Pwani
Ndiyo. Amri hiyohiyo ya I ina utaratibu wa mtu wa tatu, kwa anayetaka kufidiwa akishindwa. Ombeni nakala ya ile karatasi leo, ipigwe picha pande zote mbili, kabla hajabadili mawazo.