Dola 420 za makelele: nimeuziwa mlio, nikaambiwa ni nguvu

Jambo zenu wote. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayekuta neno kali humu anisamehe kabisa. Niko Lubumbashi. Gari ni Toyota RunX Z, ile yenye injini ya 2ZZ na gia sita za mkono. Usukani kulia, liliingia kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa kama ndugu zake wengi. Ni gari la kila siku: asubuhi watoto shuleni, mchana kazini, Jumamosi sokoni, na mara moja kwa mwezi Likasi kwa mama mkwe. Sishindani na mtu. Nilitaka tu lichangamke kidogo.

Hicho "kidogo" kimenigharimu dola 420. Filta ya wazi yenye umbo la pia, 60. Bomba la hewa la aluminiamu, 40. Ekzosi ya inchi 3 toka mbele hadi nyuma pamoja na sailensa ya mlio (wenyewe huku tunaiita poti), 250. Kazi, 70. Garaji siitaji jina, nisije nikaitangaza bure.

Kijana wa pale alinipokea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Aliwasha injini, akaisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya. "Papa, hii motokari inakosa pumzi. Tuifungue pua, tuifungue na nyuma. Utaona wewe mwenyewe." Nikauliza na ile katalizeri, chupa ya kusafishia moshi, itakuwaje. "Ile inaziba tu, papa. Tunaitoa." Nikakubali. Mjinga ni mimi, najua, msiwe na haraka ya kuniambia.

Siku ya kwanza nilifurahi, nisiseme uongo. Gari linanguruma, vijana wa kando ya barabara wanageuka, nami nimeshusha kioo kama mtu wa maana. Siku ya tatu, natoka kwenye mzunguko wa barabara kwa gia ya pili, nakanyaga, sauti inajaa barabara nzima, na taksi ya IST yenye abiria watano inanipita taratibu. Dereva hata hakunitazama. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka kwamba chombo pekee nilichokuwa nacho cha kupimia nguvu ni masikio yangu, na masikio yamehongwa.

Nimekaa wiki nyingi nikisoma na kuuliza mafundi wengine, wale wazee wasio na mabango. Haya ndiyo nayajua sasa.

Inchi 3 kwenye injini ya lita 1.8 isiyo na tabo (ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini) ni mtaro. Kila pigo la moshi linalotoka kwenye silinda, likikimbia kwa kasi, linaacha mvuto nyuma yake, na ule mvuto unasaidia kutoa moshi wa pigo linalofuata. Panua bomba kupita kiasi, moshi unazubaa, mvuto unakufa, na kinachokufa kwanza ni nguvu ya chini, yaani ile unayoitumia kutoka kwenye mzunguko, kupanda na mzigo, kumkwepa mtu wa pikipiki. Watakuja watu hapa kusema injini "inapenda kuzuiwa moshi". Haipendi. Inapenda moshi ukimbie, na kwa lita 1.8 kama hii inchi 2 na robo, ukizidi sana 2 na nusu, zinatosha kabisa. Mwenye Subaru ya tabo inchi 3 ni halali yake, kule hesabu ni nyingine. Na kusema kweli nashuku hilo bomba langu lilibaki kwenye kazi ya Subaru ya mtu, wakatafuta gari la kulivalisha.

Halafu 2ZZ yenyewe. Hii injini ina tabia mbili. Chini ya mizunguko 6,200 hivi kwa dakika ni Corolla iliyovaa viatu vya michezo. Juu ya hapo kamshafti, mhimili unaofungua vali, inahamia kwenye nundu kubwa, vali zinafunguka zaidi, na ndipo wanapokaa wale farasi 190 wa kwenye karatasi ya Japani, huko kwenye 7,600. Sasa niambieni, jioni kwenye barabara ya Kasenga, katikati ya malori na mikokoteni, 6,200 naipatia wapi? Nguvu ninayoishi nayo ni ya chini, nayo ilikuwa chache tangu kiwandani. Hiyo ndiyo waliyoniibia. Tena tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi hata kabla fundi hajaigusa.

Tuje mbele, kwenye ile "pua".

Boksi la filta la kiwandani ambalo kijana aliliita plastiki ya kuziba lina kazi. Linavuta hewa ya nje kupitia mdomo wake na kuitenga na joto la injini. Filta ya pia imewekwa wazi, karibu na injini inayochemka, inakunywa hewa ya jikoni. Nina kile kisomaji kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinatuma namba kwenye simu. Saa tisa mchana, foleni, nje nyuzi 32. Hewa inayoingia kwenye injini: nyuzi 63! Kila nyuzi 3 zikizidi unapoteza kama asilimia moja ya uzito wa hewa, pigeni hesabu wenyewe. Nimelipa dola 100 kuondoa kitu kilichokuwa kinanipa hewa ya baridi.

Na haikuishia hapo. Sensa ya hewa inakaa kwenye mfuniko wa lile boksi. Boksi likiondoka, sensa inahitaji nyumba mpya. Kijana alitoboa lile bomba la aluminiamu kwa drili, akaichomeka, akazungushia silikoni nyeusi. Ile sensa inapima hewa kwa waya wa moto, na kompyuta ya gari inaamini kwamba inapimia ndani ya bomba la upana uleule wa Toyota. Ukitoka milimita 63 kwenda 70, eneo la bomba limeongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, hewa inapita pembeni bila kuhesabiwa, kompyuta inamwaga petroli pungufu. Simu yangu ilikuwa inaonyesha gari linajiongezea petroli asilimia 20 ili kufidia, mpaka likachoka, taa ya injini ikawaka na kodi ya hitilafu P0171, mchanganyiko mwepesi. Siku mbili baadaye ikaja na mwenzake P0420, ya katalizeri isiyokuwepo. Tiba ya kijana? Akafuta kodi hizo za hitilafu kwa mashine, "iko muzuri papa", taa ikarudi kabla sijafika nyumbani.

Mchanganyiko mwepesi kwenye injini inayobana 11.5 kwa 1, ukikanyaga mpaka mwisho, si jambo la kufutwa kwa mashine. Unasikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo. Siku nilipoisikia niliondoa mguu na sijakanyaga tena.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni vumbi.

Wa huku mnalijua vumbi letu la kiangazi. Linaingia kwenye kabati lililofungwa, linaingia kwenye unga wa bukari (ugali). Toka lami hadi kwangu ni kama kilomita moja na nusu ya udongo, mara nyingi nyuma ya lori. Jumapili nilifungua klempu ya bomba la hewa, nikazungushia kidole karatasi nyeupe, nikakipitisha ndani ya bomba upande wa injini, yaani baada ya filta, pale ambapo hewa inatakiwa iwe imeshasafishwa. Karatasi ikatoka nyekundu kama soksi za mtoto wa shule siku ya Ijumaa. Nikapitisha nyingine, vilevile. Nikaivua filta nikaitazama kwenye jua: naona mwanga katikati ya nyuzi. Hizi filta za pamba zinashika vumbi kwa mafuta maalumu yanayopakwa; mafuta yakikauka, vumbi linapita; yakizidi, yanaenda kukaa kwenye waya wa ile sensa. Ya kwangu ilikuwa kavu kama mkate wa juzi, na nembo yake ilibanduka kwa ukucha.

Vumbi lile ni mchanga laini. Likifika kwenye silinda linasugua kama msasa. Na wenye 2ZZ sikilizeni hapa: silinda zake hazina slivu, yaani mabomba ya chuma ya ndani, kama injini za zamani. Kuta zake ni aluminiamu iliyoimarishwa, huwezi kwenda kwa mchongaji akakupanulia akakuwekea pistoni za saizi ya juu kama tulivyozoea. Ikichakaa, unatafuta injini nyingine. Tangu wafanye kazi hii, gari ambalo halikuwahi kunywa oili limeshuka kwenye stiki toka alama ya juu hadi ya chini ndani ya kilomita 1,500. Sijui kama ni pete za pistoni zimeshaanza kuchakaa au la, na usiku nikikumbuka sipati usingizi.

Filta ya karatasi ya dola 8 isingenifanyia haya.

Sasa katalizeri. Nilirudi wiki ya pili kuidai. Jibu: "Papa, ile tuliitupa." Tuliitupa! Jamani, tuko Lubumbashi. Hapa hata ule mlima mweusi wa masalio ya kiwanda cha Gécamines, kampuni ya madini, ulipelekwa tena kwenye tanuru kwa sababu ndani yake mlikuwa na kobalti. Mtoto wa miaka kumi hapa anajua bei ya shaba. Halafu mtu anitazame usoni aniambie ametupa chupa ya chuma yenye sega ndani, na sega lile limepakwa platini, paladi na rodi? Mwaka 2021 wakia moja ya rodi ilipita dola 20,000. Kwenye katalizeri moja zimo gramu chache tu za madini yote hayo, sidai kwamba nilikuwa nimebeba mgodi, lakini wanunuzi wapo na kila garaji inawajua. Kwa hiyo mimi nimelipa dola 420 na madini juu yake. Ukiona fundi ana haraka sana ya kutoa katalizeri yako, muulize ataiweka wapi.

Pale ilipokuwa wameweka bomba tupu. Kiungo chake hakikukaa sawa, basi wakakizungushia kipande cha kopo la maziwa ya unga na waya. Bado kina maandishi, unaweza kusoma "vitamini". Hapo ndipo moshi unapotorokea. Niligundua baada ya mtoto wangu wa mwisho kuanza kulalamika kichwa kila tukitoka Likasi. Nilidhani ni jua. Mama watoto ndiye aliyesema, "Si jua, huu ni moshi, kila tukishuka garini anapona." Akakataza watoto wasipande tena. Moshi wa petroli una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Sitaki hata kuwaza zile kilomita 120 na vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Hapa ndipo hasira yangu ilipoacha kuwa ya pesa.

Majirani nisiwaongelee sana. Saa kumi na moja alfajiri nikiwasha, mbwa wote wa avenyu wanaanza. Papa wa nyumba ya pili, mtu mzima, mpole, alikuja kunisalimia, akauliza watoto, akauliza kazi, akauliza tena watoto, kisha akasema, "Na gari lako, limeharibika?" Nikasema ndiyo. Na ule mvumo wa ndani kwenye mizunguko 2,700, ambao ndio mwendo wa safari, unakaa kwenye meno. Walitoa ile sailensa ndogo ya katikati ambayo kazi yake ni kuua mvumo huo. "Inaongeza uzito," walisema.

Niliporudi mara ya tatu kijana alinijibu, "Utazoea, papa." Mwenye garaji alikuwa ndani, nilimwona mguu, hakutoka.

Kwa hiyo nawaomba mnaowashauri vijana humu "fungua mbele fungua nyuma" kana kwamba ni dawa ya minyoo: acheni. Ulizeni kwanza gari lina tabo au halina, linatembea wapi, nani anapanda kiti cha nyuma. Kwa gari lisilo na tabo, filta na poti vinaleta farasi wachache tu, tena vikifanywa vizuri. Mimi kama ningeanza upya ningeweka filta mpya ya karatasi, plagi mpya, oili nzuri, matairi, na ile 250 ningeichomelea ekzosi ya inchi 2 na robo nyuma ya katalizeri, na sailensa zote mbili.

Nyongeza, saa mbili usiku: fundi mmoja mzee wa Kampemba, hapa mjini, amekubali kunirudishia ekzosi kwa bomba la saizi yake, katalizeri tumeshaipata kwenye gari lililogongwa. Kilichobaki ni boksi la filta, maana la kwangu nalo "lilitupwa". Natafuta la RunX Z yenye 2ZZ, zima, na mfuniko wenye nafasi ya sensa. La 1NZ, ile injini ya RunX za kawaida, msiniletee, halikai. Likitoka kwenye Allex RS180 au Fielder Z, ndugu zake wenye 2ZZ, nitalijaribu. Nakuja mwenyewe na pesa mkononi, kwa teksi.